Kuzunguka Annapurna: nyota nne, na zote ni za ratiba

Kabla ya kulipia safari hii ya kutembea kwa miguu kuzunguka milima ya Annapurna, Nepal, niliziandikia kampuni kadhaa. Nyingi zilitaka kunipakia kwenye gari hadi karibu na Manang, kijiji kilicho juu milimani, ili siku zipungue. Hii niliyoichagua ilikataa. Walinieleza kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku ili mwili uzoee hewa nyembamba, na ratiba yao iliheshimu hesabu hiyo.

Tulipotoka Pisang, mwongozaji aliiacha barabara ya bondeni akatupitisha juu, vijiji vya Ghyaru na Ngawal. Kile kilima cha Ghyaru kinatesa kwelikweli, kona baada ya kona, pumzi juu juu. Ukifika, Annapurna II iko mbele yako nzima, theluji tupu, na kijiji ni nyumba za mawe zenye paa bapa zilizobanana ubavuni mwa mlima. Kisha unashuka kidogo kulala Manang, mita 3,540, mwili ukiwa umeshaonja hewa nyembamba. Hapo tulipumzika na kusikiliza maelezo kuhusu ugonjwa wa mwinuko kwenye kituo cha Himalayan Rescue Association, shirika la uokoaji milimani. Msikose. Thorong La, njia ya juu kabisa ya kuvukia mlima, mita 5,416, niliivuka polepole bila kichwa kuuma.

Upande wa pili ni kama nchi nyingine. Tulianza kwenye mashamba ya mpunga, sasa ni wilaya ya Mustang, kavu, yenye upepo wa mchana unaorusha vumbi. Muktinath, Wahindu na Wabudha wanasali katika eneo moja, na mahujaji wanapita chini ya mifereji 108 inayomwaga maji ya barafu wakitetemeka na kucheka. Marpha, kijiji cha kabila la Wathakali, kuna bustani za tufaha. Msilipite eneo hili mbiombio kwa gari.

Vibali walishughulikia wao, na mwongozaji ni lazima kisheria tangu Aprili 2023. Wapagazi wetu walikuwa na viatu imara, glavu na majaketi mazito. Hilo nililiuliza kabla ya kulipa, na kila mtu aulize.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya bima. Walisema tu "uwe na bima", wakati bima nyingi za safari zina kikomo cha mwinuko. Yangu iliishia mita 4,000, ikabidi ninunue nyingine inayogharimia helikopta hadi juu ya Thorong La. Kampuni inayopeleka watu huko kila msimu ilipaswa kuliandika hilo kwenye barua ya kwanza.