Kupimwa presha ya miguu: uzoefu wangu

Kama kigimbi kinakubana kila ukitembea umbali uleule, na ukisimama dakika chache maumivu yanaachia, usiridhike na dawa za maumivu kabla hujapimwa presha ya kifundo cha mguu. Mimi nina kisukari na nilivuta sigara miaka mingi, lakini zahanati walikuwa wakiniambia ni baridi yabisi, au umri tu.

Kipimo nilifanyiwa hospitali ya rufaa, na hakiumi. Unalala chali, unapumzika kwanza, kisha nesi anakufunga mkanda wa presha mikononi na kwenye vifundo. Anapaka jeli na kugusisha kifaa kidogo cha Dopla kama kalamu, unasikia damu yako ikivuma. Mkono wangu ulisoma 140, mguu wa kulia 84. Gawanya ya mguu kwa ya mkono, unapata 0.6. Kawaida ni 1.0 hadi 1.4, ikiwa 0.9 au chini yake, mishipa inayopeleka damu mguuni imeziba kwa kiasi fulani. Daktari alinichorea: mafuta yameganda ukutani mwa mshipa, damu inayopita inatosha ukiwa umekaa, haitoshi msuli ukianza kazi. Maelezo hayo peke yake yalistahili safari.

Wenzangu wa sukari, zingatieni hili. Mishipa yetu huweza kukakamaa hadi mkanda ushindwe kuibana, namba ikapita 1.4 au ikaonekana nzuri wakati hali ni mbaya. Hapo omba wapime presha ya dole gumba la mguu. Na kukandwa kwa maji ya moto niliambiwa niache kabisa, maana mguu wenye ganzi unaungua bila mwenyewe kujua.

Nilitegemea kuzibuliwa mshipa kwa puto dogo linaloingizwa ndani yake. Tiba hiyo ipo, na ilianzia mguuni kabla ya moyoni: daktari Charles Dotter alizibua mshipa wa mguu Marekani mwaka 1964, ila kwa mirija, puto lilikuja baadaye. Daktari akasema kwa hatua yangu tuanze na aspirini, atorvastatini ya kupunguza mafuta kwenye damu, sigara marufuku, na kutembea. Unatembea mpaka maumivu yakolee, unasimama yaishe, unaendelea tena, nusu saa au zaidi, angalau mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Inachosha, na siku za mwanzo inakatisha tamaa sana. Lakini sasa nafika sokoni nikiwa nimesimama mara moja tu, na mzigo narudi nao mwenyewe.

Nawapa nyota nne. Ya tano imepotea kwa sababu mashine ilikuwa moja, foleni ndefu, na hawakunipa karatasi ya mazoezi, niliandika mwenyewe.

Maumivu yakikuamsha usiku, au kidonda cha mguu hakiponi, usisubiri zamu ya kliniki. Mguu ukipoa ghafla na kupauka, nenda dharura saa hiyohiyo.