Adapta ya soketi kwa msafiri wa nje ya nchi
Adapta hii, niliyoinunua Kariakoo kwa ajili ya safari ya Ujerumani na Marekani, imenifaa sana, kwa kuwa chaja zetu za pini tatu bapa haziingii katika soketi za Ujerumani zenye matundu mawili ya duara. Pini zake hutoka kwa kusukuma kitufe cha pembeni na kujifunga imara, ingawa katika soketi iliyolegea uzito wake huivuta chini. Ifahamike kwamba haibadilishi umeme: Marekani hutumia volti 120, hivyo pasi ya volti 230 haitapata moto ipasavyo, ilhali chaja iliyoandikwa 100–240V hufanya kazi bila tatizo. Ni vyema ikawekwa kwenye mkoba wa mkononi pamoja na pawabenki, ambayo hairuhusiwi katika begi linalokabidhiwa kaunta.