Praima ya geti la chuma: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiulizia praima, yaani rangi ya kwanza inayoshika chuma, dukani swali la kwanza huwa "nyekundu au kijivu?" Rangi haikusaidii. Wekundu wa red oksaidi ni oksidi ya chuma, na peke yake hauzuii kutu. Soma kopo utafute maneno "zinki fosfeti", kiungo kinachozuia kutu. Yasipokuwepo, liache.

Namba moja, kwa geti la chuma cha kawaida mbali na bahari, ni praima ya alkidi (aina ya rangi ya mafuta) yenye zinki fosfeti. Ikiwa na yabisi (kinachobaki rangi ikikauka) asilimia 45 kwa ujazo, ukaipaka ikauke unene wa mikroni 40 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), lita moja hufunika mita za mraba 11 kwa hesabu (45 × 10 ÷ 40). Kwa geti lenye nondo na maua, weka hesabu ya 7 au 8.

Epoksi ya makopo mawili ni ya pili, lakini Tanga, Mombasa na Zanzibar ianze hiyo. Pima hadina, kopo la pili linaloigandisha, kwa kikombe, usikisie kwa macho: ikipungua, rangi hubaki laini na ukucha unaacha alama hata baada ya wiki. Changanya ya kutosha saa chache tu, maana joto huiwahisha kuganda. Usiipake juu ya rangi ya mafuta ya zamani. Thina yake kali huikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Juani epoksi hugeuka unga, kwa hiyo lazima ifunikwe na rangi ya juu.

Mabati na mabomba ya zinki yana praima yao, ile ya asidi, mikroni 10 hivi. Alkidi ukiipaka moja kwa moja juu ya zinki, mafuta yake hugeuka sabuni na rangi yote hubanduka.

Praima ya zinki nyingi, iliyojaa unga wa zinki, ni nzuri sana, ila inataka chuma kilichopigwa mchanga kwa mashine hadi Sa 2½ (kipimo cha usafi, chuma karibu cheupe), kwani zinki lazima iguse chuma. Kama una brashi ya waya tu, usitupe pesa.

Lakini praima yoyote itabanduka ukiacha ile ngozi ya bluu-nyeusi ya chuma kipya. Iondoe kwa grenda, piga msasa namba 80, pwani osha chumvi kwa maji baridi ya bomba na ukaushe, kisha futa kwa thina: kitambaa kimoja cha kulowesha, kingine safi cha kukaushia. Usianze alfajiri chuma kikiwa na umande. Kwenye kingo na maungio ya weldingi pitisha brashi kwanza, ndipo upake geti zima. Kwenye kingo na maungio hayo ndipo kutu huanzia.