Cha kununua kwanza ukijifunza flashi studio Dodoma

Vijana wanaofungua studio kwenye fremu za Makole na Majengo huniuliza: kamera na flashi ninazo, sasa ninunue nini cha kulainisha mwanga? Jibu langu huanzia chumbani kwako. Fremu ya mita 3 kwa 4, dari la chini, kuta za rangi: hicho ndicho kinachonifanya nipange hivi.

1. Mwavuli mweupe wa sentimita 100 hivi, wenye kitambaa cheusi cha mgongoni kinachovuliwa. Ukikivua, mwanga unapenya. Ukikirudisha, mwanga unagonga ndani na kumrudia mteja, bila kuvuja nyuma. Hilo la kuvuja lilinitesa mwaka wangu wa kwanza. Mwanga ulikuwa unapenya mwavulini, unagonga ukuta wa kijani, unarudi shavuni mwa mteja. Nilishinda kwenye kompyuta nikisafisha ngozi za watu, nikidhani kamera ndiyo mbovu. Kama ukuta ni wako, paka nyeupe isiyong'aa.

Tena mwavuli unafundisha. Mkalishe mdogo wako kitini, weka mwavuli mita 1 kutoka usoni, kwa ubavuni, juu kidogo ya macho. Shata, yaani muda kamera inaofunguka, iwe sekunde 1/160; nguvu ya flashi ipange kwa mkono kwenye 1/8. Piga. Sogeza mwavuli hadi mita 2: mwanga unaomfikia ni kama robo ya ule wa kwanza, kwa hiyo utapandisha flashi hadi 1/2. Sasa tazama kivuli cha pua. Ukingo wake umekuwa mkali, kwa sababu ukiwa mbali, mwavuli ule ule ni mdogo mbele ya uso wake. Fanya hivi jioni baada ya jioni mpaka uweze kukisia kivuli kabla ya kubonyeza.

2. Softboksi, yaani boksi la kitambaa lenye uso mweupe mbele ya flashi, ya pembe nane inayokunjwa kama mwavuli, sentimita 80 au 90. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) akija na joho jeusi na unataka nyuma yake pawe giza, hii ndiyo yenyewe, hasa ikiwa na wavu wa kuubana mwanga. Kwenye ngozi nyeusi isogeze karibu: mng'ao wa paji la uso unatandaa taratibu na sura inapata umbo. Kagua kama ina kitambaa cha pili cha ndani. Bila hicho, katikati huwaka kuliko pembeni.

3. Rifleta ya duara, kitambaa cha kurudisha mwanga. Nzuri kwa kupunguza kivuli cha upande wa pili, ila shuka jeupe lililowambwa kwenye fremu ya mbao linafanya kazi hiyo hiyo.

4. Byuti dishi, sahani pana inayofungwa mbele ya flashi. Inadai mekapu safi na mkono uliozoea. Isubiri.

5. Kofia ndogo ya plastiki ya kuvisha flashi. Usinunue. Chanzo cha mwanga kinabaki kidogo kama kilivyokuwa, na kivuli kinabaki kikali.

Flashi iwe ya betri 4 za kuchaji, umeme ukikatika mteja asiondoke. Ukitoka nje kiangazi, upepo wa Dodoma utauchukua mwavuli pamoja na flashi. Mwambie fundi cherehani akushonee mfuko wa turubai, ujaze kilo 5 za mchanga, uuning'inize kwenye mguu wa stendi.