Siku ya kuwinda kanga na kwale, mashamba ya Monduli: nyota 4 kati ya 5

Kampuni ni ndogo, ya hapa hapa Arusha. Wanachouza ni gari, mwongozaji na chakula cha mchana. Kibali, bunduki na risasi ni juu yako, na hilo wanakwambia mapema. Mwongozaji alisoma kibali changu mstari kwa mstari, aina ya ndege, idadi na eneo, kabla hata gari halijawashwa. Hapo wakanifurahisha.

Tulipita Kisongo giza likiwa bado. Mahindi yalishavunwa, yamebaki mabua na ngwara, jamii ya maharage, huku na kule. Kulipokucha kwale walikuwa juu ya vichuguu wakipiga kelele, lakini shughuli yenyewe ni kanga. Kanga akikuona haruki, anatimua mbio, na ukimfuata nyuma utamaliza shamba zima ukiangalia migongo tu. Mwongozaji, ambaye ni mzee, akanizungusha mpaka kwenye vichaka vya mwisho wa shamba, nikachutama. Yeye na vijana wawili wa pale wakaja taratibu kutoka upande wa pili, wakiongea kama watu wanaokwenda zao sokoni. Kundi likanijia lenyewe, likaruka kwa kishindo. Alikuwa ameshanionya: chagua mmoja, achana na kundi. "Na ukimwangusha, mwanangu, usihamishe jicho mpaka tumfikie." Mbwa hatukuwa naye, na kanga aliyevunjika bawa anajua kujificha kwenye mabua. Niliowaangusha wote walipatikana.

Aliwachuna chini ya mgunga, hakuhangaika kunyonyoa. Firigisi moja alipoipasua ilikuwa na changarawe, punje za mahindi na mabawa magumu ya wadudu. Mwenye shamba akasema wadudu kanga wawale tu kwa raha zao, ila mvua zikianza wanamfukulia mbegu.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya chakula na barafu. Chakula kilikuwa chipsi za asubuhi na soda ya moto, haya, nilivumilia. Lakini unampelekaje mtu kuwinda bila deli la barafu, na jua la saa saba lile? Nyama ilirudi imefungwa kwenye kiroba, tukasimama Kisongo kutafuta barafu, na hela ikatoka mfukoni kwangu.

Msimu wa uwindaji kwa wakazi wa nchini ni Julai 1 hadi Desemba 31. Mwambie wa ofisini unamtaka mwongozaji mzee, vaa buti, na deli beba la kwako.