TAHADHARI: Muuzaji wa spea za zamani "ambazo hazijawahi kufungwa"

Ndugu zangu wenye gari za zamani, kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na tangazo la spea "mpya, hazijawahi kufungwa, boksi la kiwanda". Picha yake ni rafu ya maboksi yaliyofifia, la juu kabisa limechanika kona. Mkiiona, piteni mbali. Mimi sikupita.

Nilinunua kwake masta silinda (ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) na hosi mbili za breki za Peugeot 504 yangu ya 1974. Mzigo ulipofika nilifurahi kama mtoto: boksi la enzi hizo kweli, chuma kinang'aa, mpira mweusi tii. Huo weusi ndio ungenishtua. Mpira uliokaa miaka arobaini hauwi hivyo mpaka upakwe kitu.

Fundi akafunga, tukatoa upepo, pedali ikakaa juu vizuri. Siku ya tatu nimesimama kwenye taa, mguu uko kwenye breki, nahisi pedali inazama polepole mpaka sakafuni. Nikapampu, ikapanda. Nikaikanyaga na kuishikilia, ikazama tena. Chini ya gari hakuna hata tone. Wanaojua breki wameshaelewa: mafuta yalikuwa yanapenya pembeni ya vikombe vya mpira vinavyoyazuia, humo humo ndani ya silinda. Tulipoifungua, mafuta tuliyoyamimina yakiwa meupe yalitoka meusi, vikombe vimemeguka midomo, na ukuta wa silinda una vishimo vya kutu. Kutu ya kukaa kwenye boksi!

Nikazigeukia hosi. Kitambaa cheupe chenye maji ya sabuni kilitoka na utelezi wa silikoni. Nilipoikunja moja, nyufa zikajitokeza kama mistari ya kiganja. Pale panapochapwa tarehe palikuwa pamesuguliwa msasa.

Nilipomwandikia, jibu lake: "Haijatumika hata siku moja, itachakaaje?" Na hapo ndipo wengi tunanasa. Mpira hauchakai kwa kazi peke yake. Oksijeni na ozoni ya hewani huutafuna hata ukiwa rafuni. Unakakamaa, unapasuka, na stoo yenye joto huongeza kasi. Kwa hiyo oili sili, vikombe vya breki, hosi, vyote vinazeeka bila kuguswa. Diaframu (utando wa mpira ndani ya pampu ya petroli) na hosi za petroli za zamani zina balaa la ziada, maana nyingi hazikutengenezwa kuhimili petroli yenye ethanoli. Tairi nazo msidanganywe na kashata (meno ya tairi) nzima: namba ya tarehe ikiwa na tarakimu tatu badala ya nne, hiyo ilitoka kiwandani kabla ya 2000. Na brekishuu za miaka hiyo nyingi zina asbestosi, vumbi lake si la kupuliza kwa mdomo.

Sisemi kila spea ya kale ni takataka. Kioo cha taa, kitasa, gia, bampa la kromu, hivyo nachukua hata leo, na boksi lake nalitunza (mke wangu ana maoni yake kuhusu hilo). Hata masta silinda ya zamani, ukuta wake ukiwa safi, inafaa ukiiwekea vikombe vipya vilivyotengenezwa karibuni. Lakini fungueni kwanza, msifunge kama ilivyokuja.

Mkibanwa na shida ya spea, mwambieni muuzaji apige picha ya tarehe iliyo kwenye mpira wenyewe. Ya kwenye boksi haisaidii. Kisha akunje hosi mbele ya kamera. Mimi nilimwomba hivyo mara ya pili, nikijifanya mteja mgeni. Akasema simu yake haina kamera nzuri, kisha akanizuia.

Pesa hajarudisha. Tangu wakati huo amebadilisha jina la akaunti mara mbili, ila picha ni ile ile, boksi la juu limechanika kona.