Tahadhari: kapasita za "volti 450" zilizovalishwa ganda jipya

Ndugu mafundi na wapenzi wa amplifaya za valvu (zile zinazotumia mirija ya kioo badala ya transista), ninaandika kuwatahadharisha kuhusu muuzaji wa mtandaoni anayeuza kapasita za elektroliti (vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme na kuulainisha) zilizoandikwa mikrofaradi 100 na volti 450, ilhali kilichomo ndani ni kapasita kuukuu ya volti 250. Simtaji jina kwa sababu amekwisha kulibadili tangu nilipomlalamikia, na picha za tangazo lake ndizo zilizobaki zilezile. Ni heri basi mmtambue kwa bidhaa yenyewe.

Nilinunua kumi kwa ajili ya amplifaya niliyoiunda mwenyewe, nikitaka kupunguza mvumo kwa kuongeza ukubwa wa kapasita za kuchuja umeme. Mbili nilizifunga siku ileile zilipofika bila kuzipima kwanza, na hilo ndilo kosa ambalo sitaki mwingine alirudie. Baada ya dakika chache nilisikia sauti kama ya birika linaloanza kuchemka. Nilizima haraka, nikakuta kichwa cha kapasita ya kwanza kimevimba, na majimaji yenye harufu kali yanatoka kwenye alama ya mpasuko iliyowekwa juu yake kwa usalama.

Nane zilizosalia nilizipima moja baada ya nyingine, nikizipa volti 450 za umeme mnyoofu kupitia rezista ya kilo-omu 100. Kwa rezista hiyo, kapasita nzima ya mikrofaradi 100 hupanda kwa kasi mwanzoni, na baada ya dakika kadhaa huwa imekaribia sana volti zinazoingia, kwa kuwa mkondo unaovuja ndani yake ni mdogo mno. Hizi zilipanda vizuri hadi zikafika volti 318 au karibu na hapo, zikakwama. Maana yake ni kwamba volti 132 zilikuwa zimebaki kwenye rezista, yaani zaidi ya miliampea moja ilikuwa inavuja mfululizo na kugeuka joto ndani ya kapasita, na hapo rezista ilikuwa inauzuia mkondo. Ndani ya amplifaya hakuna kizuizi cha namna hiyo.

Nilipolipasua ganda la plastiki kwa wembe, nilikuta chini yake ganda la pili, limepauka, likiwa bado linasomeka volti 250. Miguu ilikuwa imesuguliwa msasa, lakini kwenye shina la mguu mmoja palikuwa na tone la risasi ya zamani ya kuungia nyaya ambalo msasa haukulifikia.

Muuzaji alijibu kwamba nimegeuza chanya na hasi. Nilimtumia picha inayoonyesha upande wenye mstari wa hasi ukiwa umeungwa kwenye chasi, kama inavyopaswa, na tangu hapo hakujibu tena. Tangazo lake linaonyesha multimita ikisoma mikrofaradi 98, na wengi huridhika wakiona picha hiyo. Tafadhali msiridhike nayo. Multimita hupima ukubwa wa kapasita kwa volti chache tu, kwa hiyo haiwezi kusema lolote kuhusu volti ambazo kapasita inaweza kuzistahimili, na zangu nane nilizozipima zilisoma ukubwa sahihi.

Hata kama volti 450 zingekuwa za kweli, ushauri anaoutoa kwamba zinatosha kwa "amplifaya yoyote" ni wa hatari. Transfoma yenye volti 300 kila upande hutoa kilele (volti za juu kabisa za wimbi la umeme) cha takribani volti 424, na umeme wa ukutani ukipanda kwa asilimia 10 kilele hicho hufika volti 466. Anayetumia diodi badala ya valvu ya rektifaya (inayogeuza umeme wa transfoma kuwa mnyoofu) aelewe kwamba kapasita hupokea kilele chote mara tu swichi inapowashwa, kwa sababu valvu za kutoa sauti bado ni baridi na hazijaanza kuvuta mkondo. Kwa hesabu hiyo mimi sasa ninatafuta za volti 500, au ninaunga mbili za volti 350 kwa mfuatano, kila moja ikiwa na rezista ya kilo-omu 220 sambamba nayo ili zigawane volti sawasawa. Kumbukeni kwamba mbili za mikrofaradi 100 zikiungwa hivyo hubaki 50.

Muuzaji huyohuyo anahimiza watu waweke mikrofaradi 470 mara tu baada ya rektifaya. Valvu ya rektifaya aina ya GZ34 imewekewa kikomo cha mikrofaradi 60 kwenye kapasita ya kwanza, na EZ81 kikomo cha 50. Ukizidisha, mkondo wa kuijaza kapasita hupiga cheche ndani ya valvu na kuiua mapema. Anayetaka kuchuja zaidi aongeze baada ya choki (koili inayolainisha mkondo) au rezista inayofuata kapasita ya kwanza.

Ikiwa mmekwisha kufunga kapasita zinazofanana na nilizozieleza, zimeni amplifaya na kuchomoa waya wa ukutani kabla ya kugusa chochote. Mikrofaradi 100 zilizojazwa volti 450 zina takribani jouli 10, kiasi kinachoweza kumdhuru mtu vibaya hata dakika nyingi baada ya kuzima. Zimalizeni chaji kwa rezista yenye vishikio vilivyofunikwa, si kwa bisibisi, kisha mpime kwa multimita mpaka isome karibu na sifuri. Baada ya hapo zing'oeni. Zangu zote nimezikata miguu kwenye shina ili asitokee mtu wa kuziokota na kuzivalisha ganda la tatu.